Tunapima Mnofu, Tunakula Mifupa: Swali la Metali Nzito katika Samaki wa Winam

Soko la Kibuye mjini Kisumu halikosi habari ya samaki. Leo mbuta (sangara) ana zebaki, kesho ngege (tilapia) wa Ghuba ya Winam ana risasi, keshokutwa afisa wa serikali anatangaza kwamba samaki wote ni salama na walaji waondoe shaka. Mnunuzi amesimama katikati, pesa mkononi, hajui amwamini nani. Mara nyingi huishia kununua tu, kwa sababu watoto wanasubiri chakula.

Hofu hii ilipamba moto mwaka 2018, wakati wa mjadala kuhusu samaki walioagizwa kutoka Uchina. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliwataka maafisa wake watafute njia ya kuwazuia samaki hao wasiingie nchini, na habari za metali nzito katika samaki wa kigeni zikaenea kila pembe. Wavuvi na wachuuzi wa Kisumu waliuunga mkono mjadala ule kwa moyo wote, kwa kuwa samaki wa bei ya chini walikuwa wamewaharibia soko. Lakini swali halikukawia kuwageukia wenyewe: na samaki wetu je?

Ni swali la haki, na limekosa jibu la haki. Wanaopiga kelele na wanaotuliza watu wote wana sehemu ya ukweli, ila wanazungumzia samaki tofauti, metali tofauti na walaji tofauti.

Mambo matatu yaliyotiwa kapu moja

Jambo la kwanza ni vifo vya samaki. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi katika eneo la Ogal, magharibi mwa mji wa Kisumu, na wafugaji wakapata hasara kubwa mno. Wengi walisema ziwa limetiwa sumu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Maelezo hayo yaliwakasirisha watu, lakini yanaafikiana na tunayoyajua kuhusu ghuba yenye kina kifupi na uchafu mwingi unaooza chini: upepo ukikoroga maji, tabaka la chini lisilo na hewa hupanda juu na kuwanyima pumzi samaki waliofungiwa vizimbani.

Jambo la pili ni mwani. Maji ya Winam hugeuka kijani kwa sababu ya mbolea, mmomonyoko na maji taka, na baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayodhuru ini. Hiyo nayo ni hatari ya kweli, inayostahili mjadala wake.

Metali nzito ni jambo la tatu, na tabia yake karibu ni kinyume cha hayo mawili. Kwa viwango vinavyozungumziwa hapa, samaki mwenye zebaki au risasi huogelea kama kawaida, hunenepa, huvuliwa, hukaangwa na kuliwa bila harufu wala ladha ngeni. Haelei juu ya maji akiwa amekufa. Kwa hiyo anayetafuta ushahidi wa metali kwa kutazama ziwa ataukosa, na anayejitetea kwa kusema samaki wanaonekana wazima hajajibu chochote.

Metali zinatoka wapi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 68,800, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Katika sehemu hiyo ndogo, Ghuba ya Winam ni chumba cha pembeni: kina chake ni kifupi, na kinachoiunganisha na ziwa kuu ni mlango mwembamba wa Rusinga. Maji yake hayabadilishwi haraka, na kinachomwagwa Kisumu hukaa karibu na Kisumu kwa muda mrefu.

Tazama Mto Kisat. Ni mto mfupi ambao msafiri aweza kuuvuka bila kuuona. Unapita eneo la viwanda, unapokea maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka wenye jina hilohilo, kisha unaingia ghubani upande wa bandari. Ongeza mifereji inayopita kwenye magereji ya jua kali, magari yaliyooshwa ufukweni kwa miaka mingi, betri kuukuu zinazopasuliwa ili kutoa risasi, rangi zinazobanduka kwenye mabati na vyuma, na jaa la Kachok lililokaa katikati ya mji kwa miongo kadhaa. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi iliyotoka kwenye moshi wa magari kabla ya hapo haikuyeyuka ikatoweka. Ilisombwa na mvua na sehemu yake ikatua kwenye mashapo, yaani tope la chini ya maji. Watafiti wa Kenya, miongoni mwao Profesa Shem Wandiga na wenzake, walianza kupima metali katika mashapo na samaki wa Winam tangu miaka ya 1980. Sura inayojirudia katika tafiti za eneo hili ni kwamba midomo ya mito inayopita mjini huwa na mzigo mkubwa kuliko maji ya mbali.

Zebaki ina ramani nyingine. Watu wengi wa Kisumu wanapoisikia hufikiria machimbo ya dhahabu, na hawajakosea: huko Nyatike, karibu na Macalder, ambako mgodi mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, wachimbaji wadogo bado huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huchoma donge kwenye makaa ili dhahabu ibaki. Lakini mto wa huko ni Kuja, ambao haumwagi maji Winam. Unaingia ziwa kuu, kusini mwa ghuba. Mito ya Yala na Nzoia, inayopokea maji ya maeneo ya dhahabu ya Kakamega, nayo huingia ziwa kuu upande wa kaskazini. Kwa hiyo ngege aliyevuliwa mbele ya Kisat na mbuta aliyevuliwa nje ya Karungu hawana historia moja, ingawa wote huuzwa kwenye meza moja sokoni.

Tena si zebaki yote inayotoka machimboni. Sehemu kubwa huletwa na udongo unaomomonyoka na moshi wa misitu na mashamba yanayochomwa. Hata machimbo yote yakifungwa kesho, zebaki ya ziwa haitafika sifuri.

Zebaki hupanda, risasi hujificha

Hapa ndipo mjadala mwingi hupotea njia. Metali nzito si kitu kimoja, na tahadhari inayofaa kwa metali moja yaweza kuwa kosa kwa nyingine.

Zebaki ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo huingia kwenye vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na omena (dagaa) na fulu, omena na fulu huliwa na mbuta, na kila ngazi inalimbikiza zaidi. Hujificha ndani ya mnofu wenyewe, hivyo kutoa utumbo au kukatakata mapezi hakusaidii, wala kukaanga hakuiondoi. Samaki mdogo aliye chini katika mlolongo ana kidogo. Mbuta mkubwa mwenye umri ana zaidi.

Risasi haipandi ngazi hivyo. Hukaa kwenye mashapo, ikaingia kwa viumbe wanaochimba na kuchuja tope, na ikiingia mwilini mwa samaki hupendelea mifupa, mashavu na ngozi. Kadimiamu hupendelea figo na ini. Mnofu wa samaki yuleyule waweza kuwa safi kabisa huku mifupa na viungo vyake vya ndani vikiwa na mara kadhaa ya kiasi hicho.

Kombe wa ziwani na konokono ni mfano mkali zaidi, kwa sababu kombe huchuja maji mchana na usiku na hahami. Katika ufuo wa Kenya wa ziwa, tofauti na pwani ya bahari, kombe si kitoweo cha kila siku, ila magamba yao husagwa kuwa chakula cha kuku, pamoja na ochong'a, yule kamba mdogo anayenaswa na nyavu za omena. Thamani yao kubwa ni ushahidi. Mbuta husafiri, na leo hujui jana alikuwa wapi, lakini kombe wa ufuo wa Dunga, Kisumu, atakueleza habari za Dunga peke yake.

Msimamo wa kwanza: samaki huyu ni sumu

Wenye msimamo huu wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO ilifuta mwaka 2010 kiwango cha risasi ambacho mtu angeweza kula kwa wiki bila wasiwasi, kwa kuwa haikuona kiwango chochote kisichodhuru ubongo wa mtoto. Kenya yenyewe ina kidonda cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu risasi mwilini, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huko nako malalamiko ya wakazi yalipuuzwa kwa miaka mingi. Anayesema tusisubiri maiti ndipo tuchukue hatua anasema kweli.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu na kwenye mbadala. Kwanza hesabu. Maabara nyingi hukausha samaki kabla ya kumpima, na kutoa majibu kwa uzani mkavu, huku viwango vya sheria vikiwa vya uzani wa samaki mbichi. Takriban robo tatu au zaidi ya samaki ni maji. Tarakimu ya uzani mkavu ikiwekwa moja kwa moja mbele ya kiwango cha uzani mbichi, samaki aliye ndani ya sheria huweza kuonekana ameivunja, kwa kuwa tarakimu imekuzwa mara nne au zaidi. Msomaji wa gazeti haoni kosa hilo. Anaona neno “sumu” kwa herufi kubwa.

Pili, mbadala. Omena hupimwa kwa gorogoro, kopo la kupimia sokoni, na hununuliwa na watu wasiomudu nyama. Humo mna protini, chuma, zinki, na kalisi ya mifupa inayotafunwa. Ukimtisha mama wa mtaa wa Manyatta akaacha omena, hatahamia kwenye kuku. Atabaki na ugali na sukuma wiki, na sukuma nayo huenda imeoteshwa kando ya mfereji uleule.

Na sumu yenyewe huenda haikupitia kwenye samaki. Daktari Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwatibu na kuwatetea waathirika wa zebaki wa Minamata nchini Japani, alikuja na wenzake kupima zebaki kwenye nywele za watu wa Kenya na Tanzania. Viwango vya kutisha zaidi havikuonekana kwa walaji wa samaki bali kwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi. Vilevile, uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, uligundua kwamba sufuria zinazosubuliwa na mafundi kutokana na vyuma chakavu zaweza kutoa risasi ndani ya chakula. Kumlaumu samaki peke yake ni kuiacha milango mingine wazi.

Msimamo wa pili: yuko ndani ya viwango

Huu ndio msimamo wa maafisa, wenye viwanda vya minofu na wachuuzi wengi. Una msingi wa kweli. Vipimo vya zebaki vilivyofanywa kwenye samaki wa Winam na wa upande wa Uganda mwanzoni mwa karne hii vilionyesha kwamba wengi walikuwa chini sana ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichozoeleka katika biashara ya samaki. Hatari kidogo ilionekana kwa mbuta wakubwa mno. Kwa mlaji wa Nairobi anayekula samaki mara moja kwa mwezi, jibu la “usijali” ni sahihi.

Nchi pia ilijifunza kupima kwa njia ya uchungu. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliwafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria mara kwa mara, kwanza kwa sababu ya salmonela na kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa sababu ya wavuvi waliotumia viuatilifu kuua samaki. Viwanda vya Kisumu vilikaribia kufa, watu wakapoteza kazi, na ndipo ukaguzi na maabara vikaimarishwa. Ukaguzi huo ni wa kweli. Tatizo ni nani uliwekewa.

Uliwekewa mlaji wa mbali. Kiwandani, mbuta hutolewa minofu miwili, hupozwa, hufungwa, hupimwa, husafirishwa. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mabaki ya nyama yaliyoshikilia mifupa. Huyo ndiye mgongo wazi. Hupelekwa mtaa wa Obunga, ambako akina mama humkaanga kwenye mafuta mengi hadi mifupa midogo inaliwa kama kaukau, na kichwa hufyonzwa mpaka kisibaki kitu. Risasi inayotafutwa kwenye mnofu na kukosekana ingetafutwa vyema zaidi hapo. Sehemu ya samaki iliyo na cheti huondoka. Sehemu inayopenda kuhifadhi risasi hubaki, ikaliwa na watu wasioweza kununua mnofu.

Omena naye ni hivyohivyo. Hakuna anayemtoa omena mifupa. Huliwa mzima, kichwa, utumbo na mashavu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zenyewe zimelifikiria hilo: kiwango cha risasi cha miligramu 0.3 kwa kilo ni cha mnofu, lakini samaki akikusudiwa kuliwa mzima, basi hupimwa mzima. Kwa hiyo kanuni ya kumlinda mlaji wa omena haihitaji kubuniwa upya. Inahitaji kutumiwa Kibuye.

Kuna udhaifu wa pili, wa kihesabu. Kiwango cha samaki si kiwango cha mlaji. Wataalamu wa FAO na WHO wanakadiria kwamba mtu asizidishe maikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya mwili wake kwa wiki, hasa mama mjamzito. Mwanamke wa kilo 60 basi ana nafasi ya maikrogramu 96. Akila samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo, karibu kilo nzima kwa wiki ni sawa. Akila mbuta mwenye 0.5, samaki ambaye sheria inamhesabu kuwa mzuri kabisa, nafasi yake imejaa baada ya gramu 190 hivi, nazo ni sahani moja. Mkenya wa kawaida anakadiriwa kula kilo nne au tano za samaki kwa mwaka. Familia ya mvuvi wa Usenge au Mbita haimo katika wastani huo hata kidogo. Kumwambia “uko ndani ya viwango” ni kumjibu kwa hesabu ya mtu mwingine.

Msimamo wa tatu: funga bomba, usimfunge mvuvi

Wanamazingira wanasema yote hayo ni kubishana juu ya sahani wakati uchafu unaendelea kumwagika. NEMA, mamlaka ya mazingira, itekeleze sheria, mtambo wa Kisat ufanye kazi ipasavyo, betri zirudishwe kwa utaratibu, mafunjo ya Dunga na Nyando yalindwe kwa kuwa huchuja mashapo kabla hayajafika ziwani. Huu ndio msimamo wenye haki zaidi, maana unamtaja mchafuzi badala ya kumtwika mama muuza samaki mzigo wa kujieleza.

Ila unahitaji ukweli wa aina mbili. Kwanza, mashapo yana kumbukumbu ndefu. Bomba likifungwa leo, risasi iliyotua mwaka 1985 bado ipo, na mvua, nanga na uchimbuaji wa njia za meli vyaweza kuifukua. Hata gugumaji, linalosifiwa kwa kufyonza metali kwenye mizizi, likioza na kuzama hurudisha lilichokopa. Mlaji wa leo hawezi kungoja miongo hiyo. Pili, wachafuzi wengi si viwanda vyenye geti na anwani. Ni fundi wa gereji, mwosha magari, mchimbaji wa Nyatike anayeshika zebaki kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kulisha nyumba. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013, na kuutekeleza kwa kuwafukuza wachimbaji kwa polisi ni kuwapeleka machimbo ya usiku. Vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki na njia za kuchenjua bila zebaki vinahitaji fedha, mafunzo na subira, na hapo ndipo ahadi nyingi hukauka.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona kosa kubwa zaidi liko katika msimamo wa pili, ingawa ndio wenye vipimo vingi. Msimamo wa kwanza hukosea kwa kutia chumvi na wa tatu hukosea kwa kusahau wakati, lakini wa pili unachukua jibu sahihi la swali la muuzaji wa nje na kumpa mlaji wa ndani kana kwamba ni lake. Kutulizwa kwa namna hiyo kunaharibu imani kuliko habari mbaya yenyewe.

Kwa sasa ushauri unaoweza kutetewa ni wa kawaida, na hautaki mtu aache samaki. Mjamzito na mtoto mdogo wapendelee ngege na omena wa maji ya wazi kuliko mbuta wakubwa wa kila siku. Samaki wa mdomo wa Kisat na wa mifereji ya mjini waachwe, hasa kamongo na mumi wanaoishi kwenye tope. Samaki mkubwa atolewe utumbo na mashavu. Mgongo wazi asiwe mlo wa kila jioni wa mtoto hadi tujue kilichomo kwenye mifupa yake. Anayenunua sabuni ya kung'arisha ngozi huku akimwogopa mbuta aanze na sabuni.

Lakini ushauri wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi ya vipimo. Omena wapimwe wazima, mgongo wazi apimwe kama anavyoliwa, kila jibu litolewe kwa uzani mbichi na kutaja alikovuliwa samaki. Kombe wa Dunga, wa mdomo wa Nyando na wa mdomo wa Kuja wapimwe kila mwaka, mahali palepale, ili tuone bomba gani limefungwa na lipi bado linamwaga. Watoto wa Obunga na Nyalenda wapimwe risasi kwenye damu, kwa kuwa damu hukusanya habari za samaki, sufuria, rangi na vumbi kwa pamoja, na kama risasi ni nyingi, uchunguzi utajua uanzie nyumba gani.

Haya hayahitaji taasisi mpya. KMFRI ina kituo Kisumu, Chuo Kikuu cha Maseno kiko jirani, makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yako mjini humo humo, na kila bichi ina BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, chenye orodha ya mashua na watu wake. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa bichi kwa Kijaluo na Kiswahili, jina la samaki, mahali alikovuliwa na kiasi kilichopatikana. Na kama fedha za kaunti zinatosha sampuli chache tu mwaka huu, zisianzie viwandani, ambako mkaguzi tayari yupo. Zianzie kwenye karai za Obunga.